Ekseli Iliyoshika na Ekseli Inayolegea

Kati ya maswali yanayoletwa na wasomaji wenye baiskeli, mawili yamezidi kurudiwa, hata imekuwa vyema yajibiwe pamoja na kwa urefu unaostahili. La kwanza ni la mtu aliyepata pancha, naye akitaka kulitoa gurudumu atie kiraka huikuta nati ya ekseli imeng'ang'ania, haiendi mbele wala hairudi nyuma. La pili ni la mtu ambaye hulikaza gurudumu lake kila asubuhi kabla ya kutoka, na jioni akirudi hulikuta linacheza. Mmoja alalamika kwamba nati haitoki na mwingine alalamika kwamba nati haikai, mambo ambayo kwa dhahiri ni kinyume. Lakini chanzo chao aghalabu ni kimoja, nacho ni kushika spana na kutumia nguvu kabla ya kutambua ni kipi hasa kilichoshika au kilicholegea.

Naandika juu ya baiskeli kubwa ya chuma yenye keria nyuma, iliyotujia zamani kutoka Uingereza na baadaye kutoka Uhindi na China, kwa kuwa hiyo ndiyo ibebayo watu na mizigo hapa Tanga na katika miji na vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Wala jambo lenyewe si dogo. Gurudumu likihama mahali pake mtu akiteremka mlima, na nyuma yake kakaa mtoto au zimefungwa dumu mbili za maji, breki nzuri kuliko zote haitamfaa kitu.

## Majina, na mahali pa kila kitu

Nitayafuata majina ya mafundi wetu, kwa kuwa ndiyo yatakayokufaa ukienda dukani.

- Ekseli ni chuma cha mviringo chenye hesi, kipitacho katikati ya gurudumu. Katika baiskeli hizi ya mbele aghalabu ina unene wa inchi 5/16, yaani milimita 8 hivi, na ya nyuma inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi.
- Habu ni kitovu cha gurudumu, mahali zinapoanzia spoki; ndani yake, kila upande, mna kikombe ambamo gololi hupangwa.
- Koni hupita juu ya hesi za ekseli na kuzishika gololi zikae ndani ya kikombe.
- Lokinati ni nati nyembamba iliyo nje ya koni lakini ndani ya fremu. Kazi yake ni kuifunga koni isisogee.
- Nati ya nje ni ile aionayo kila mtu, na chini yake hukaa wosha.

Hapa ndipo penye asili ya makosa mengi. Nati ya nje huishika ekseli katika fremu, na lokinati huishika koni katika ekseli, wala hakuna kati ya hizo iwezayo kufanya kazi ya mwenzake. Mtu ambaye koni yake imelegea aweza kuikaza nati ya nje mpaka mkono umuume, na gurudumu litacheza vile vile. Tena nati hiyo ikikazwa kupita kiasi hesi hukwisha, na mwenye baiskeli akawa ana maradhi mawili badala ya moja.

## Chunguza kabla ya kukaza

Ipindue baiskeli isimame juu ya kiti na usukani, gurudumu liwe hewani. Ishike ringi kwa mkono mmoja, weka kidole cha mkono wa pili pale ncha ya ekseli inapokutana na fremu, kisha itikise ringi kulia na kushoto polepole. Kidole hicho ndicho kitakachokujibu.

- Ringi ikitikisika na huku ekseli imetulia katika fremu, kilicholegea ni koni.
- Ekseli yenyewe ikisogea katika mdomo wa fremu, iliyolegea ni nati ya nje.
- Gurudumu la nyuma likienda upande na kusugua fremu kila upandapo mlima, tazama nati ya kulia, kwa kuwa mnyororo huivuta ekseli mbele upande huo kila ukanyagapo pedeli kwa nguvu.
- Gurudumu likizunguka kwa uzito au kwa kukwaruza, ama koni imekazwa mno, ama ndani mna kutu au gololi zilizovunjika.
- Pasipo kitu kilichotikisika, lakini gurudumu likizungushwa linayumba, ringi imepinda au spoki zimelegea. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Uchunguzi huu hauchukui muda wa kuchemsha chai, na bila ya huo sikushauri uguse spana.

## Nati isiyofunguka

Kwanza tuondoe shaka moja. Nati zote nne za nje, za mbele na za nyuma, za kulia na za kushoto, zina hesi za kawaida: ukizikabili, hufunguka kwa kuzizungusha kinyume cha mishale ya saa. Wako waliosikia kwamba pedeli ya kushoto ina hesi za kinyume, na kusikia huko ni kweli, wakadhani ndivyo ilivyo na ekseli; basi huikaza nati ya kushoto kwa nguvu zao zote wakiamini kwamba wanaifungua, na kumbe ile shida waliyokuja kuiondoa wanaizidisha kwa mikono yao wenyewe.

Ukiwa na yakini na upande, enenda hivi:

1. Zisugue kwa brashi ya waya hesi zilizochomoza nje ya nati mpaka zing'ae. Wengi huiruka hatua hii, nao hujuta, kwa kuwa nati haizuiwi na kutu iliyo chini yake tu, bali huzuiwa pia na kutu na matope yaliyo mbele yake njiani. Nati iliyofunguka nusu kisha ikakwama tena, sababu yake karibu siku zote ni hiyo.
2. Ilaze baiskeli ubavu, nati iangalie juu, uidondoshee mafuta membamba. Mafuta ya cherehani yaliyochanganywa na mafuta ya taa hupenya vyema. Oili nzito ya injini hukaa juu tu. Acha usiku kucha, na kabla ya kulala dondosha tena.
3. Asubuhi tumia spana inayoenea barabara, na ikipatikana spana ya pete ni bora kuliko ya mdomo. Nati nyingi za gurudumu la nyuma huchukua spana namba 15, lakini baiskeli kongwe za Kiingereza zilipimwa kwa inchi, na spana ya milimita yaweza kuonekana imeenea na huku inacheza kidogo. Kidogo hicho ndicho kinachokula pembe. Koleo isikaribie hapa, na spana malaya iwe ya mwisho.
4. Anza kwa kuikaza nati kidogo sana, kisha ifungue. Kukaza huko huivunja kutu ilikoshikana. Ikienda hata upana wa ukucha, irudishe, tia mafuta, ifungue tena zaidi kidogo, na kuendelea hivyo. Mafuta yatakayotoka kando ya hesi yatakuwa ya rangi ya kahawia, yamebeba unga wa kutu. Ukiyaona ujue kazi inakwenda.
5. Ikikataa, shikiza nyundo nzito kwenye ubapa mmoja wa nati, na kwa nyundo nyepesi gonga ubapa unaoelekeana nao, ukizunguka pande zote sita. Si mapigo makubwa yanayotakiwa, ni mtikisiko.
6. Halafu ndipo uitie spana ndani ya bomba upate urefu zaidi. Vuta kwa nguvu inayopanda taratibu, si kwa kushtua, na mwenzako aishike baiskeli.

Huenda ekseli ikazunguka pamoja na nati. Likitokea hilo simama mara moja, kwa maana ukiendelea utazivuruga koni zilizo ndani. Ikaze nati ya upande wa pili, ili ekseli ishikwe na fremu, kisha urudi kwenye ile inayokusumbua. Na baada ya kulitoa gurudumu usisahau kuzipima koni tena, kwa kuwa zimekwisha guswa.

### Mambo matatu ya kujihadhari nayo

Usipige ncha ya ekseli kwa nyundo. Chuma cha ncha hutanuka, hesi za mwisho hubonyea, na hata kutu ikiachia nati haitaweza kupita hapo milele.

Usitumie moto wa wazi. Najua kwamba chuma kikipata joto hutanuka na nati huachia, na wahunzi hufanya hivyo kila siku. Lakini nati ya baiskeli i karibu na mpira na grisi, nawe umekwisha imwagia mafuta ya taa jana usiku. Huna budi kutumia joto? Basi pangusa mafuta yote mpaka pakauke, kisha ipashe nati peke yake kwa kipande cha chuma kilichotiwa makaani, ukiwa umeuziba mpira kwa kitambaa kibichi. Koni na gololi zisipate moto hata kidogo, kwa sababu zimefanywa ngumu kiwandani kwa hesabu ya joto, na joto lisilo na hesabu huziondolea ugumu huo.

La tatu ni tindo. Kuipiga nati pembeni kwa tindo ili izunguke ni desturi iliyoenea, nami naichukia, kwa kuwa huiharibu nati, mara nyingi huukunja mdomo wa fremu, na mara nyingine hujeruhi mkono.

## Pembe za nati zikiwa zimekwisha liwa

Nati ya mviringo si mwisho wa dunia. Chukua tupa, uchonge bapa mbili zinazoelekeana mpaka spana ya namba ndogo iingie kwa kubana, kisha rudia taratibu ya hapo juu. Hilo lisipofaa, ikate nati kwa msumeno wa chuma, mkato uende sambamba na ekseli, na usimame kabla tu ya kuzifikia hesi. Kisha tia ncha ya tindo katika mkato na uupanue kwa pigo moja au mawili. Nati itapasuka na kutoka. Nati ni kitu rahisi sana kwa bei ukiilinganisha na ekseli, na ekseli ni rahisi ukiilinganisha na fremu; basi ukilazimika kuharibu kimoja, anza na kilicho rahisi.

## Gurudumu lililokataa kuzunguka

Hapa nati hazina hatia. Kilichoshika ni koni na gololi, aghalabu kwa sababu maji yameingia habu na kukaa humo. Huku pwani upepo wa bahari una chumvi, na mchanga wa njia zetu ni mwembamba. Tena wako wanaoziosha baiskeli zao kwa kuziingiza mtoni au baharini mpaka habu ikazama, wakiona wamezitunza. Habu iliyozama hufunguliwa na kutiwa grisi mpya siku hiyo hiyo au kesho yake.

Nakusihi usiipande baiskeli yenye gurudumu zito kwa kudhani kwamba litalainika njiani. Gololi zikigoma, ekseli huanza kuzunguka pamoja na gurudumu ndani ya mdomo wa fremu, ikiula mdomo huo na kuzihangaisha nati, na hivyo ekseli iliyoshika huzaa ekseli inayolegea. Nimewaona watu wakibadilisha nati mara kwa mara kwa ajili ya ugonjwa ambao ulikuwa ndani ya habu tangu mwanzo.

Fungua koni ya kushoto kwa namna nitakayoieleza mbele. Ikiwa imeshikwa na kutu, mafuta membamba na usiku mmoja huitosha kama ilivyokuwa kwa nati.

## Nati ya nje inayolegea

Nati haijilegezi bila sababu. Zitafute hizi, na mara nyingi utazikuta mbili au tatu pamoja:

- Wosha imepotea, au ni wosha laini isiyo na meno. Yenye meno hukaa meno yakiikabili fremu.
- Mabati yamepangwa vibaya. Kutoka ndani kwenda nje mpango ni huu: lokinati, fremu, bati la madigadi, bati la keria, wosha, nati. Mafundi wenye haraka hutia bati la keria kati ya lokinati na fremu. Bati hilo hupinda chini ya mzigo, na ekseli hukosa mahali pa kuegemea.
- Rangi nene iliyopakwa upya kwenye mdomo wa fremu. Rangi hubanwa na kupondeka, na nafasi yake hubaki wazi. Ikwangue mpaka chuma kionekane.
- Ekseli fupi. Nati ikiwa imekazwa yote, ncha ya ekseli haina budi kulingana na uso wa nati au kuchomoza. Ikiwa imezama ndani, nati imeshika kwa hesi chache tu, na baada ya kuongezewa keria na stendi hesi hizo chache huwa hazitoshi.
- Hesi zimekwisha. Utaitambua hali hiyo ukikaza, kisha nati ikaruka ghafla na kuwa nyepesi.
- Ncha mbili za fremu au za uma wa mbele hazikuelekeana sawasawa, kwa hiyo nati hushika kwa upande mmoja tu.

Ukiisha iondoa sababu, ndipo ukaze. Kiasi gani? Kwa spana ya sentimita 20, nguvu ya nati ya nyuma ni kama ile ya kuning'iniza kilo 15 mpaka 18 kwenye ncha ya spana hiyo, yaani nguvu ya mkono wa mtu mzima aliyesimama vyema, si ya kuikanyaga spana kwa mguu. Za mbele zataka pungufu ya hapo. Kaza kulia kidogo, kisha kushoto kidogo, kwa zamu, ukiangalia gurudumu likae katikati ya fremu, na kwa gurudumu la nyuma, mnyororo ukiushika katikati upande na kushuka kwa sentimita moja na kitu.

Dawa za barabarani nazijua, na nyingi ni za kujidanganya. Uzi au kipande cha nailoni kilichozungushwa juu ya hesi zilizokwisha huifanya nati ionekane imebana hali haikushika kitu. Nati ya pili juu ya ya kwanza husaidia pale tu ambapo ya kwanza imeshika kwa hesi zake zote, na ekseli imebaki na urefu wa kuishika ya pili vile vile. Kwenye ekseli fupi ni pambo. Kuichomelea nati kwa fremu ni jambo ambalo mtu hulifanya siku moja na kulilipia siku ya pancha.

## Koni inayolegea

Kazi hii yataka spana nyembamba, yenye unene wa milimita 2 hivi, iwezayo kuingia kati ya lokinati na habu. Huna? Spana ya zamani ya kawaida huchongwa kwenye jiwe la kunolea mpaka ikawa hivyo, na mafundi wetu wengi ndizo wanazozitumia.

Toa gurudumu, uliweke juu ya kitambaa cheupe ili gololi zikidondoka zionekane. Kisha:

1. Gusa upande wa kushoto peke yake. Koni ya kulia iache imefungwa na lokinati yake.
2. Ishike koni ya kushoto kwa spana nyembamba, uifungue lokinati kwa spana ya pili, ukaitoe koni taratibu.
3. Zihesabu gololi. Kwa kawaida gurudumu la mbele huwa na 10 kila upande, za inchi 3/16, na la nyuma huwa na 9 kila upande, za inchi 1/4. Moja ikiwa imepasuka au imepoteza mng'ao, badilisha za upande huo zote, kwa kuwa gololi mpya iliyochanganywa na zilizolika hubeba mzigo wa wenzake peke yake.
4. Osha vyote kwa mafuta ya taa na ukaushe. Itazame koni kwenye mwanga, pale gololi zinapopita: mstari laini unaong'aa ni mzuri, vidonda vidogo vidogo vyenye ncha ni koni ya kutupwa. Pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, usiirudishe.
5. Jaza grisi safi katika kikombe, panga gololi, rudisha ekseli, koni, wosha na lokinati.
6. Ikaze koni kwa vidole mpaka iziguse gololi, kisha irudishe nyuma kidogo sana. Ishike isisogee, na ukaze lokinati kwa nguvu juu yake. Hiyo nafasi ndogo uliyoiacha ni ya lazima, kwa sababu lokinati ikikazwa huisukuma koni ndani; asiyeiacha humaliza kazi na gurudumu zito, na aiachaye kubwa humaliza na gurudumu linalocheza. Mara ya kwanza utarudia na kurudia, nako si kushindwa, ndiyo kazi yenyewe.

Kipimo cha mwisho ni hiki: gurudumu la mbele likiwa hewani na limeachwa huru, upande wenye mdomo wa mpira, au wowote ulio mzito zaidi, hushuka wenyewe na kupembea mara chache kabla ya kutulia chini. Likisimama popote uliachapo, koni imebana mno.

Mbona nasema kushoto? Kwa kuwa gurudumu linapokwenda mbele, ukilitazama kutoka kulia, huzunguka kama mishale ya saa. Koni ya kulia ikishikwa na gololi huvutwa upande wa kukazwa. Ya kushoto huvutwa upande wa kulegezwa. Kati ya koni inayojilegeza na inayojikaza, heri ya kwanza, maana itakuonya kwa kucheza, na ile ya pili yaweza kulifunga gurudumu la mbele ghafla katika mwendo. Baadhi ya ekseli za mbele zina koni moja isiyosogea. Hiyo na iwekwe kulia. Gurudumu la mbele lililorudishwa kinyume baada ya pancha limewaangusha watu, nao wakalaumu barabara.

## Ekseli iliyokatika bila mwenyewe kujua

Msomaji aliyefuata yote na bado koni yake hulegea kila baada ya siku mbili tatu, naye hubeba mizigo, nina neno lake makhsusi. Katika gurudumu la nyuma friwili, yaani ile gia inayozungushwa na mnyororo, huchukua nafasi upande wa kulia, na gololi za habu za upande huo hukaa ndani zaidi kuliko friwili, mbali na fremu. Kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli hubaki hakina kitu cha kukiegemeza, na uzito wote wa keria hukipinda kila gurudumu lizungukapo, mpaka chuma kikachoka. Ikikatika, gurudumu halianguki papo hapo, kwa kuwa kila kipande bado kimeshikwa na nati yake. Mwenye baiskeli huona tu kwamba gurudumu linacheza, huikaza koni, na kesho yake linacheza tena.

Huko Ngamiani, hapa hapa Tanga, niliiona ekseli ya namna hii ikitolewa katika baiskeli ya muuza mkaa. Ilikuwa imekatika nyuma ya friwili, na uso wa chuma pale ilipokatika ulikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa ya kahawia, yenye kutu kavu, na ukanda mwembamba mweupe wenye chembe zinazong'aa. Ile ya kahawia ilikuwa ufa wa zamani, na ule mweupe ndio uliokuwa umebaki kumbeba yeye na magunia yake hadi asubuhi ile.

Ukishuku hali hii, toa ekseli, uiviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Iliyopinda huruka ruka. Usiinyooshe kwa nyundo. Nunua mpya, na unaponunua ichukue ile ya zamani mkononi ulinganishe unene, urefu na hesi, maana mbili zinazofanana kwa macho huenda zikatofautiana katika hesi, na nati ikiingia kwa kulazimishwa huzikata.

## Mashaka yanayoletwa mara kwa mara

*Nikipaka mafuta kwenye hesi, nati haitateleza ikafunguka?* La. Mafuta kidogo kwenye hesi hufanya nguvu ya spana iende katika kubana badala ya kupotea katika kukwaruzana, na huizuia kutu ya mwaka ujao. Panapotakiwa kuwa pakavu ni pale lokinati na wosha zinapoishika fremu.

*Oili chafu ya gari haifai badala ya grisi?* Haifai. Imebeba vumbi la chuma kutoka injini, na katika habu hiyo ni msasa. Mafuta ya kupikia nayo hugeuka gundi.

*Fundi si ndiye wa kazi hii?* Friwili iliyoshika, mdomo wa fremu uliopasuka, na kikombe cha habu kilicholika, mpelekee fundi, nawe usione haya. Lakini hata kwa fundi enenda ukijua kama ni nati au koni, umwambie, na usimame uone wosha zikirudi kwa mpango wake.

## Baada ya kazi

Ekseli mpya, wosha mpya, au fremu iliyokwanguliwa rangi hukaa vizuri baada ya kubebeshwa uzito, na katika kukaa huko nati hupoteza sehemu ya mkazo wake. Kwa hiyo safari ya kwanza iwe fupi na bila abiria. Ukirudi, fanya kile kipimo cha kidole, kaza nati zote nne kwa nguvu ile ile niliyoitaja, wala si zaidi, kisha rudia baada ya juma moja. Nati isiyosogea mara ya pili imekwisha kaa. Na inayosogea hata mara ya pili, ifungue uhesabu mabati na wosha zake upya kabla ya kufunga mzigo.